Inchi Sabini na Tano za Mama Mkwe

Jumapili, 1 Juni

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Mahubiri yalikuwa marefu lakini hakuna aliyesikiliza, na sababu naijua. Njura amenunua TV. Njura mwenye bucha! Ile bapa, inchi sitini na tano, ameitundika ukutani. Jana wanaume wote wa hapa Kanyakine walikuwa kwake kuangalia mpira. Wote! Hata mzee wa kanisa. Mimi pia nilialikwa, nikasema nina kazi ya ofisi. Njura akauliza ofisi gani Jumamosi jioni. Nikamwambia karani wa ghala la kahawa hana Jumamosi.

Zamani walikuja kwangu. TV yangu ilikuwa ya kwanza upande huu. Ni ya kichogo, sawa, na ukiiwasha inafikiri kwanza, lakini inaonyesha. Juu yake kuna kitambaa cha krosheti na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Nyumba ya heshima. Siku hizi mgeni wangu ni kuku wa Njura, naye huja kwa sababu ya mahindi.

Jioni mke wangu Ruguru alimpigia mama yake kule Runyenjes, Embu, halafu akanipa simu nimsalimie, yeye akaenda jikoni. Nikasimama wima. Mama mkwe huongei naye ukiwa umeketi, hata kwa simu. Tukaulizana habari za mvua, mahindi, na Beth wetu aliye shule ya bweni Kaaga. Kisha nikaishiwa na maneno. Mimi nikiishiwa na maneno husema lolote. Nikasema tumenunua TV mpya. Akauliza kama ni kubwa. Pale dirishani nilikuwa naona mwanga wa bluu wa kwa Njura ukichezacheza.

Nikasema, "Ni kubwa, Mama. Inchi sabini na tano."

Akauliza ni nani ameishonea nguo. Nikasema bado hakuna. Akasema basi hiyo kazi ni yake.

Uongo mdogo tu. Kufikia Jumatano utakuwa umesahaulika.

Jumanne, 3 Juni

Haujasahaulika. Ruguru amenikumbatia. Mchana! Uani! Mama yake amemwambia habari yote, naye akaniuliza kwani nilitaka kumshtua. Nikasema ndiyo, nilitaka kukushtua, TV imelipiwa na iko njiani.

Sasa niandike jambo lenyewe, maana ni zito. Mama mkwe hajawahi kulala kwetu. Tangu tuoane anakuja mpaka langoni, anaacha ndizi na viazi vitamu, anakataa chai, anarudi Embu siku hiyo hiyo. Si ugomvi. Ni heshima. Kwetu na kwao neno la mkwe na neno la aibu ni ndugu wa toka nitoke: muthoni, nthoni. Mama mkwe haingii kwa mkwe wake bila sababu ya kushikika mkononi.

Na macho yake yameharibika. Mtoto wa jicho, yote mawili. Siku hizi anaona mwanga na kivuli, basi. Mwisho wa mwezi huu madaktari wa macho wanakuja katika hospitali moja mjini Meru, na Ruguru alishamwandikisha kwa namba yake ya simu. Lakini mama alikuwa amekataa. Angelala wapi? Kwa mkwe? Afadhali giza. Sasa amekubali! Anakuja mwenyewe kuivalisha TV nguo, na akishaivalisha atakaa hadi atibiwe. Kwa hiyo TV ndiyo sababu. Pasipo TV hakuna safari, na pasipo safari hakuna macho. Ruguru alinieleza haya huku akilia kwa furaha, na akasema yule beberu wetu mweupe ndiye atakayechinjwa siku hiyo.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Wallahi nilifungua, kama anavyosema Saad mwenye duka la TV mjini Meru. Ruguru akaniongezea mukimo kwenye sahani. Nikaufunga.

Jumamosi, 7 Juni

Mjini Meru, dukani kwa Saad. TV kuanzia sakafu hadi dari, na zote zinaonyesha samaki. Samaki wale wale, kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimevaa koti la harusi ili nihudumiwe haraka. Nilisimama mbele ya inchi sabini na tano, mikono nyuma, kama mkaguzi wa hesabu. Samaki wa manjano akapita, mkubwa kuliko beberu wangu. Nikapenda, sijui nisemeje. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Saad ni mtu wa adabu. Ananiita Mwalimu, na ingawa mimi si mwalimu sijaona haja ya kumsahihisha. Akauliza ukuta wangu una upana gani. Nikasema wa kutosha. Akauliza nyumba ni ya mawe au ya mbao. Nikasema hayo ni mambo ya familia. Akauliza nakaa umbali gani. Nikamwambia Kanyakine. Akasema hapana, Mwalimu, umbali gani kutoka kwa TV.

Kumbe pia inchi za TV hupimwa kona kwa kona. Nilimwambia najua. Sikujua. Miaka yote nilidhani ni upande kwa upande, kama kitambaa cha meza. Sasa mfuko wangu, ukipimwa kona kwa kona, ni inchi thelathini na mbili, na hapo ni mwisho wa mwezi. Saad akanionyesha ya thelathini na mbili. Nzuri. Nyepesi. Akasema mgonjwa wa macho akiketi karibu nayo, akishatibiwa ataifurahia sana, na kabla ya kutibiwa atasikiliza. Nikasema nitafikiria.

Sikufikiria. Mtu aliyemwambia mama mkwe sabini na tano hawezi kumpokea na thelathini na mbili. Huko ni kushushwa cheo ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Lakini naandika hapa, hakuna anayeniona: ile ndogo ilikuwa na samaki wale wale.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe amepiga simu. Nikasimama. Kitambaa kimefika nusu! Anashona kwa vidole, macho ameshayapumzisha. Fundi cherehani jirani yake amemwazima futi, na amepima sabini na tano kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, kama shuka. Nyeupe, ukingo wa kijani. Akauliza kama TV ina miguu, aishonee na soksi. Nikasema hapana, Mama, itatundikwa. Akasema basi atatumia uzi wote hapo juu.

Kuhusu zile kona sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Nimepima kuta za sebuleni. Ukuta wa kwanza una mlango. Wa pili una kabati la vyombo. Wa tatu una picha ya harusi, kalenda na mbao zilizooza. Umebaki ukuta wa dirisha, pale Ruguru anapoketi kuchambua maharagwe. Nikawaza sana. Mwenye TV ya inchi sabini na tano anahitaji dirisha la nini? Hiyo yenyewe ni dirisha. Nikajisikia mwerevu kupita kiasi.

Kuna habari nyingine pia. Mnunuzi mmoja wa miraa amesema kuna fundi Mikinduri, anaitwa Yasser, mwenye TV kubwa ya kutisha aliyoachiwa na mwenye hoteli. Ilianguka. Anataka kuiondoa dukani kwa sababu haachi kuigonga kwa goti.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya kazi kubwa. Ruguru alienda sokoni Nkubu mapema. Ghalani nilikuwa nimeomba ruhusa ya jino, na ili mambo yaonekane sawa nilijifunga skafu shavuni. Nilisahau kuivua. Mikinduri nzima ilinipa pole.

Yasser ni kijana mnyofu mno, mpaka anachosha. TV ni inchi sabini na tano kweli, lakini kioo kimepasuka. Akaniambia mara tatu: "Mzee, hii haiwaki. Haitawaka. Usikuje kesho kuniambia haiwaki." Nikamwambia sihitaji iwake. Akaniangalia. Akauliza basi nataka ya nini. Nikasema ya kuvaa nguo. Hakuuliza tena.

Mpango ni huu, na naona hauna tundu hata moja. Mama mkwe haoni. Kitambaa kitafunika kioo. Na stima itakuwa imepotea, maana stima hupotea, nani hajui? TV bila stima hailaumiwi na mtu. Akishatibiwa na kurudi kwao, nitasema TV ilipigwa na radi. Safi kabisa!

Yasser hakutaka pesa nyingi, jambo zuri, kwa sababu sikuwa nazo. Alichukua TV yangu ya kichogo, ambayo aliijaribu na ikawaka mara moja bila hata kufikiria, mshenzi yule. Alichukua pia beberu, niliyekuja naye. Beberu aliniangalia kwa muda mrefu alipokuwa akifungwa kwenye nguzo. Nikageuka.

Kusafirisha ikawa taabu. Hakukuwa na boksi. Vijana wa miraa walionileta asubuhi wakaifunga kwa majani ya migomba kama wanavyofunga mzigo wao, wakaipakia juu ya gari lao, Probox. Pale Meru askari mmoja alitusimamisha akauliza ni miraa ya nani inayopelekwa upande usio wake. Nikasema ni ya mama mkwe.

Ruguru alipofika nyumbani akaikuta imesimama sebuleni, bado na majani yake. Aliishika kwa mikono miwili. Sijamwona hivyo tangu Beth azaliwe. Kisha akaenda kumpa beberu maganda ya ndizi, akarudi akiwa amebadilika uso.

Nikasema ameibwa. Lilinitoka tu.

Akapiga nduru. Njura akaja mbio na aproni yake, wanaume wakafuata, tukatafuta beberu hadi mtoni kwenye vichaka na matope. Mimi ndiye niliyetangulia, nikiita, maana jina lake mimi ndiye ninayelijua vizuri. Njura aliteleza akaumia kiwiko. Aliporudi alisema mwizi wa mbuzi wa mkwe hana utu hata kidogo. Nikakubaliana naye.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeitundika mwenyewe. Fundi angeuliza maswali. Misumari ya inchi sita, waya wa kufungia ng'ombe, na maombi. Dirisha limezibwa lote, hakuna hata ufa. Sebule imekuwa giza saa nne asubuhi, hata kioo kilichopasuka hakionekani, lakini giza la kifahari.

Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikazima swichi kubwa. Nikarudi ndani nikapiga kelele kwamba stima imepotea. Ruguru akauliza mbona kwa Njura redio inaimba. Nikasema sisi na Njura hatuko laini moja. Akauliza tangu lini. Nikasema mambo ya transfoma ni marefu.

Njura ametuma mguu mzima wa mbuzi. Zawadi. Kwa ajili ya mgeni, kwa sababu tuliibiwa. Nilimwambia Ruguru aurudishe. Akaniuliza kama nina akili timamu. Tumeutundika jikoni, na kila nikipita hapo naangalia chini.

Jumamosi, 21 Juni

Amefika. Mama mkwe yumo ndani ya nyumba yangu.

Alitembea kutoka barabarani akiwa ameshikwa mkono na Ruguru, kifurushi kichwani, hakutaka mtu akiguse. Mlangoni akavua viatu. Hakuna aliyewahi kuvua viatu mlangoni kwangu. Akasimama hapo kama mtu anayesubiri kuitwa, mpaka nikakumbuka kwamba wa kumwita ni mimi. Nikasema karibu, Mama, ingia. Akaingia.

Akaomba apelekwe kwenye TV kabla ya chai. Aliipapasa kutoka upande mmoja hadi mwingine, polepole, akisema "Yii! Yii! Baba Beth!" Kisha akafungua kifurushi. Nimeona vitambaa vingi maishani. Hiki sijaona. Maua madogo madogo yameshikana mikono mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata moja lililoachia. Tukakitandika. Kilining'inia pande zote mbili, kipande cha mkono huku na kipande cha mkono kule, kwa sababu ya zile kona. Alipogundua akacheka, akasema si neno, baridi ikizidi itajifunika.

Akauliza kama anaweza kuisikia kidogo. Nikamweleza habari za transfoma. Akasema pole, Baba Beth, ununue kitu kizuri hivi halafu stima ikutupe.

Tukaketi wote watatu tukiielekea. Giza. Hakuna aliyejua aangalie wapi tena, kwa kuwa viti nilivigeuza vyote. Tulikula mbuzi wa Njura. Mama akaisifu nyama, akasema beberu alilishwa vizuri. Ruguru hakumsahihisha, kwa heshima yangu.

Nilitegemea kufurahi leo.

Jumatatu, 23 Juni

Siku mbaya, ila bado mpango umesimama.

Asubuhi Ruguru alinipa simu yake niende nayo buchani kwa Njura, ichajiwe. Betri imekufa tangu jana, na hospitali wanaweza kupiga wakati wowote kusema siku ya mama. Nikaitia kwenye koti. Nikafika karibu na bucha. Nikasimama. Nikipeleka simu, Njura atauliza kwa nini, nami nikisema stima, atakuja na ngazi na testa mkononi. Namjua. Yeye ni mtu wa kusaidia. Na ghalani soketi iko mezani kwa meneja, nani angeeleza? Nikamwambia Ruguru kuna foleni ya simu buchani. Akauliza foleni ya simu ni nini. Nikasema ya kwake ni ya nane. Kesho nitafanya mpango.

Jioni mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, kwenye baridi, na shuka mabegani. Nikamwambia aingie ndani. Akasema ndani hamna kitu cha kuangalia. Hakusema kwa ubaya. Akasema kwake Runyenjes huketi dirishani, basi ule weupe wa asubuhi humwambia kumekucha. Hapa hajui lini kumekucha. Kisha akaelekeza kidole upande wa kwa Njura na kuuliza pale kwa jirani kuna nini kinachong'aa.

Nikasema ni sola.

Akasema, "Haya. Mimi siku hizi naona mwanga tu, Baba Beth. Kwa hivyo nikiuona nauuliza."

Nikaenda kulala bila kula.

Jumanne, 24 Juni

Basi. Imekwisha.

Nilirudi kutoka kazini nikavua koti, nikaenda kunawa. Ruguru akaitafuta simu yake mwenyewe, akaikuta mfukoni, baridi kama jiwe. Aliifunga kwenye leso, akaenda buchani kwa Njura.

Aliporudi alikuwa anatembea taratibu sana. Hospitali walipiga jana. Walipiga tena, wakapiga tena. Mama alitakiwa afike leo asubuhi, akiwa hajala. Hawakumpata, wakampigia anayefuata. Madaktari wanaondoka kesho, na nafasi zimejaa. Njura pia amemwambia kwamba stima haijapotea wiki hii hata dakika moja, na kwamba sisi na yeye tuko nguzo moja.

Nilianza kueleza. Ruguru akanipita kama mlango, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia swichi. Ile taa ya sebuleni ikawaka juu ya vichwa vyetu.

Mama mkwe aliinua uso kuelekea kwenye taa. Akatabasamu! Alitabasamu kama mtu aliyetembelewa. Akasema, "Imerudi! Haya, Baba Beth, tuwashie."

Mimi sikusogea. Ruguru ndiye aliyechukua rimoti. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaenda ukutani, akainua pembe ya kitambaa, akauona ule ufa unaotoka juu hadi chini. Akashika kitambaa akitaka kukivuta chote, nifedheheke vizuri.

Mama akasikia. Akasema, "Mwache. Imeshavaa. Hatuivui nguo mbele ya watu."

Ruguru akaachilia. Kuhusu beberu hakuuliza mtu, nami sikuwakumbusha.

Alhamisi, 26 Juni

Wameondoka. Mama alisema hana sababu ya kukaa zaidi, na kweli hana. Alinishukuru kwa nyama. Alinishukuru! Heri angenitukana. Alivaa viatu mlangoni, akauliza jua limetoka upande gani, Ruguru akamgeuza uso kulielekea.

Ruguru amekwenda naye. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema ana mama wa kuongoza njia, kwa hiyo hana haraka.

Najuta. Naandika waziwazi, hakuna wa kumficha. Mwanamke huyu aliogopa kisu cha daktari mwaka mzima, akaogopa nyumba yangu miaka yote, na akavishinda vyote viwili kwa uzi na sindano. Mimi nikamwekea ukuta pale penye dirisha. Kama ningenunua ile ya thelathini na mbili, leo angekuwa kitandani hospitalini na bendeji machoni, akilalamika kuhusu uji wao. Hata kama nisingenunua yoyote. Angekuja kuivalisha ile ya kichogo nguo mpya, si ingetosha?

Jumamosi, 28 Juni

Nyumba ina mwangwi. Nimejaribu kuishusha TV, lakini ili kuishusha lazima kwanza niivue kile kitambaa, nami mkono umekataa. Nimewasha taa mchana kutwa. Nimekula ugali na chumvi, nikiielekea.

Njura alikuja na kiwiko chake kimefungwa. Nilifikiri amekuja kucheka. Aliketi, akaangalia ukuta, akaangalia zile pande zinazoning'inia. Akasema kitambaa ni kizuri. Kisha akaniuliza kama nimekula, akaenda. Sasa hata adui sina.

Jumatatu, 30 Juni

Nimefanya jambo. Nimeenda hospitalini mwenyewe, bila skafu, bila koti la harusi. Nilisimama kwenye foleni ya kweli. Nikamweleza muuguzi kwamba simu ilizima kwa sababu yangu mimi. Akauliza kivipi. Nikamwambia yote, hata TV, hata swichi. Alicheka mpaka akamwita mwenzake nirudie. Nikarudia. Wakaandika jina la mama: madaktari watarudi katikati ya Julai, na yeye atakuwa wa kwanza asubuhi.

Nimemtumia Ruguru ujumbe. Amejibu neno moja: "Nimeona."

Jumapili, 6 Julai

Simu! Namba ya Ruguru, lakini sauti ya mama mkwe. Nikasimama haraka nikagonga goti kwenye meza.

Akasema atakuja. Akasema safari hii haji kwa sababu ya TV, anakuja kwa sababu ya macho, na mkwe akikubali atalala. Nikasema, "Mama, ile TV haiwaki. Haijawahi kuwaka." Akasema anajua, aliipapasa siku ya kwanza na kioo kikamkwaruza kidole, akanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimemkaribisha vizuri mlangoni. Akasema mambo hayo yameisha. Hivi ndivyo ukweli ulivyo? Mwepesi hivi? Ningejua ningeutumia zamani. Nikaapa hapo hapo, nimesimama, kwamba kuanzia leo mdomo huu ni wa ukweli tu.

Tukaongea vizuri. Ruguru atarudi naye. Nilimsikia kwa nyuma akiuliza kama nimemlisha kuku. Nikawa na furaha isiyo na mahali pa kukaa.

Kisha mama akasema kitu kimoja kinachomtia hofu ni njia. Kubanwa na watu kwenye matatu, na wakati wa kurudi macho yatakuwa na vidonda. Akauliza tutasafiri vipi. Nikatafuta jibu. Nikaishiwa na maneno.

Nikasema nitakuja kuwachukua na gari.

Akauliza la nani.

Nikasema, "Langu, Mama."

Akasema "Yii! Baba Beth!" kwa sauti ya furaha hata nikaona aibu kumkatiza. Akauliza ni rangi gani. Nikasema nyeupe.

Kesho mapema naenda kumwona Njura. Ana pikapu ya kubebea nyama, na kwa siku mbili hawezi kuninyima, ana moyo mzuri yule. Pikapu yenyewe ni ya kijani. Lakini nimeshapiga hesabu yote: wakati wa kwenda haoni, na wakati wa kurudi kwao atakuwa na bendeji. Rangi si tatizo. Tatizo ni harufu, na hiyo nitasema ni ya viti vipya.